Mji Uliokosa Maji Kando ya Bahari

San Francisco ni mji wa Marekani uliojengwa kwenye ncha ya rasi. Upande wa magharibi iko Bahari ya Pasifiki, na upande wa kaskazini na wa mashariki iko ghuba pana yenye bandari njema. Mtu akipanda juu ya kilima kimojawapo cha mji huo, navyo vilima ni vingi, huona maji pande tatu. Hata hivyo, mwaka 1906 mji huu uliungua kwa muda wa siku tatu na zaidi, na wazimaji moto walisimama na mipira mikavu mikononi. Kisa hiki chafaa kuchunguzwa, maana humwonyesha mwanafunzi kwamba kuwa na maji mengi ni jambo moja, na kuyafikisha penye moto ni jambo jingine.

Maji ya bahari hayanyweki. Kwa hiyo kampuni iliyouza maji mjini ilitengeneza mabwawa katika vilima vya upande wa kusini, mbali na nyumba za watu, na maji yakaletwa kwa mabomba makubwa ya chuma. Maji ya kunywa, ya kufulia na ya kuzimia moto yalikuwa ni yale yale, na yalipita njia ile ile. Nyumba nyingi zilikuwa za mbao, nazo zilijengwa kwa kusongamana. Mwaka 1905 wakaguzi wa makampuni ya bima walikuja kuutazama mji, wakaandika kwamba ni ajabu haujateketea bado. Mkuu wa kikosi cha zimamoto, Dennis T. Sullivan, alikuwa ameliona jambo hilo muda mrefu kabla yao. Alitaka mji uwe na maji mengine ya kuzimia moto tu, yenye mabomba yake yenyewe, na pampu kubwa za kuyavuta kutoka baharini. Lakini fedha ya kutengeneza kitu ambacho huenda kisitumiwe kwa miaka mingi ni vigumu kupatikana, na ombi lake likawekwa kando.

Siku ya Jumatano, tarehe 18 Aprili 1906, saa 11 na dakika 12 alfajiri, nchi ilitetemeka. Matofali ya hoteli iliyokuwa jirani na kituo cha zimamoto yakaanguka juu ya kituo hicho, yakatoboa dari, na Sullivan aliyekuwa amelala humo akaumia vibaya. Alifariki tarehe 22 ya mwezi huo, asiuone mpango wake ukitimizwa. Wakati ule ule moto ulizuka mahali pengi, kwa maana majiko yaliangushwa na mabomba ya gesi yalikatika. Farasi wakafungwa, pampu za mvuke zikavutwa mbio mpaka kwenye mabomba ya njiani. Wazimaji wakaunga mipira, wakafungua, wakangoja. Mahali pengi hapakutoka kitu. Mabomba makuu yaliyotoka mabwawani yalikuwa yamevunjika, na yale madogo ya chini ya barabara yalikatika mamia kwa mamia, hasa mahali ambapo zamani palikuwa na matope ya ghuba yaliyofukiwa ili kupata viwanja. Pampu haiumbi maji. Husukuma tu yale iliyopewa.

Moto ulipotulia, majengo kama 28,000 yalikuwa yamekwisha, na zaidi ya nusu ya watu wa mji, waliokuwa kama 400,000, hawakuwa na makao. Waliokufa kwa tetemeko na kwa moto wakadiriwa kuwa 3,000 au zaidi.

Lakini si mahali pote palipoungua, na sehemu zilizopona zafundisha kuliko zile zilizoteketea. Ukingoni mwa ghuba, wanamaji wa serikali ya Marekani walileta vyombo vyao vyenye pampu, wakavuta maji ya bahari na kuyasukuma nchi kavu kwa mipira. Magati mengi yakaokoka, na kwa njia ya magati hayo watu walikimbia kwa mashua na chakula kikaingia. Mahali pengine palipopona ni mtaa wa Mission. Huko, karibu na njia panda ya barabara za 20th na Church, lilikuwako bomba moja la njiani lililokuwa bado lina maji. Farasi walikuwa wamechoka, hawakuweza kuzipandisha pampu kilimani. Wenyeji wakazisukuma kwa mikono yao. Basi pampu ikaletwa penye maji, na moto ukazuiwa. Bomba hilo liko hata leo, na kila mwaka tarehe 18 Aprili hupakwa rangi ya dhahabu.

Hapa mwanafunzi mwenye akili atauliza: kama ghuba ilikuwa karibu hivyo, kwa nini kila pampu haikuvuta maji baharini na kuyapeleka kilimani?

Jibu limo katika tabia ya maji na ya hewa. Watu husema kwamba pampu huvuta maji, lakini kwa kweli pampu huondoa hewa iliyomo katika bomba la kuvutia, na hewa ya nje, iliyo na uzito wake, ndiyo inayoyakandamiza maji yapande ndani ya bomba. Uzito huo wa hewa una kiasi chake. Usawa wa bahari hauwezi kuyainua maji zaidi ya mita 10 hivi, na kwa kazi ya kweli, pamoja na hewa inayopenya viungoni, wazimaji hawatumaini zaidi ya mita 6 au 7. Kwa hiyo pampu iliyosimama juu ya kilima cha mita 30 haiwezi kamwe kupata tone la bahari iliyo chini yake, hata iwe kubwa kama nyumba. Kusukuma ni habari nyingine. Pampu iliyo chini, karibu na maji, yaweza kuyasukuma juu mbali sana, mradi ina nguvu, na mabomba hayapasuki. Ndiyo sababu mahali pa pampu kubwa ni ukingoni mwa maji, wala si katikati ya mji panapoonekana kuwa karibu na watu wote.

Tena kuna kizuizi cha pili. Maji yanapopita katika mpira hujisugua na kuta zake, na nguvu yao hupungua kwa kila hatua. Mpira ukiwa mwembamba na mrefu, maji yaliyotoka kwa kishindo upande huu hufika upande wa pili yakichuruzika tu. Dawa yake ni upana. Kipenyo cha bomba kikiongezwa mara mbili, na maji yanayopita kwa dakika yakiwa ni yale yale, kizuizi hicho hupungua hata kubaki kama sehemu moja ya 32. Wapo wanaodhani kwamba kununua pampu kubwa kwatosha. Pampu kubwa iliyofungiwa mpira mwembamba ni sawa na pipa lililotobolewa kwa sindano.

Baada ya msiba, wenyeji walikubali kulipa. Mwaka 1908 walipiga kura kukopa dola 5,200,000, na mwaka 1913 kazi kubwa ilikuwa imekamilika. Mpango wenyewe ulifuata mawazo ya marehemu Sullivan, nao ulitengenezwa kwa busara ambayo ni vizuri kuieleza sawasawa.

Kwanza, mabomba mapya mazito yalilazwa chini ya barabara kwa ajili ya moto tu, bila kuunganishwa na nyumba za watu. Juu ya vilima vya Twin Peaks, kama mita 230 juu ya bahari, lilijengwa birika kubwa liwezalo kuweka lita milioni 38 hivi za maji baridi. Chini yake yaliwekwa matangi mawili, moja katika Ashbury, kama mita 150 juu ya bahari, na jingine katika barabara ya Jones, kama mita 112. Maji yaliyo juu hayahitaji injini. Hushuka yenyewe kwa uzito wake, usiku na mchana, hata ikiwa mashine zote zimekufa. Hiyo ndiyo akiba ya kwanza.

Akiba ya pili ni pampu. Vilijengwa vituo viwili tu, lakini mahali pake palichaguliwa kwa makini. Kimoja kiliwekwa upande wa mashariki, karibu na magati, na kingine upande wa kaskazini penye Fort Mason. Viko mbali kimoja na kingine, ili balaa moja lisivipate vyote viwili. Viliwekwa kwenye ardhi imara, si juu ya matope yaliyofukiwa, kwa maana yale yalikuwa yamekwisha kuonyesha tabia yake. Kila kituo kilipewa nguvu ya kusukuma kama lita 38,000 kwa dakika moja. Na apige hesabu mwanafunzi: debe la kuchotea likichukua lita 20, hayo ni madebe 1,900 kila dakika. Nguvu ya msukumo wake ni kama kilo 21 juu ya kila sentimita moja ya mraba. Na kwa kuwa kila mita 10 za kupanda hutaka kilo moja hivi, maji hayo yaweza kupanda kama mita 210, kama yasingepunguzwa na kule kujisugua njiani. Hapo kwanza pampu hizo ziliendeshwa kwa mvuke. Siku za baadaye zikawekewa injini za dizeli.

Walakini wazimaji hawapendi kutumia maji ya chumvi ila kwa haja kubwa. Chumvi hula chuma, na bidhaa iliyookolewa motoni huharibiwa tena na maji hayo. Kwa hiyo amri ilikuwa kutumia maji baridi ya vilimani kwanza, na bahari iwe ya mwisho. Tena yaliwekwa makoki makubwa ya kufunga sehemu zile zilizojengwa juu ya ardhi laini, ili mabomba yake yakivunjika, yasinyonye maji ya mji mzima.

Akiba ya tatu ilikuwa ya kale. Tangu miaka ya 1850 mji ulikuwa na mabirika ya matofali chini ya barabara, na mengi yalikuwa yamesahauliwa. Sasa yalitengenezwa, na mengine mapya yakachimbwa, hata hesabu yake ikapita 150. Mengi huweka kama lita 280,000. Hayaungwi na bomba lolote. Pampu huja, hutumbukiza mpira wake, na kuvuta. Mgeni apitaye barabarani huona duara la matofali tu, asijue akanyaga nini.

Na ya nne ilikuwa vyombo vya baharini. Mwaka 1909 mji ulipata meli mbili za zimamoto. Moja iliitwa David Scannell, jina la mkuu wa zamani wa zimamoto, na ya pili iliitwa Dennis T. Sullivan. Meli ya namna hii ni kituo cha pampu chenye uwezo wa kuhama. Maji yako chini ya mbavu zake, hayawezi kuisha, na mahali panapoungua karibu na pwani chombo chaweza kupaendea. Kando ya bahari palitengenezwa viungo vya kufungia mipira yake, meli iweze kusukuma maji ndani ya mabomba ya mji.

Mji mwingine wa bandari, New York, ulijaribu njia tofauti. Huko Mmarekani mmoja, William Francis Gibbs, aliyesifiwa kwa kubuni meli, alibuni pampu ya magurudumu iliyo kubwa kuliko zote zilizojulikana barabarani. Ilianza kazi mwaka 1965. Injini yake ilikuwa ya Kiingereza, ya aina iliyotumiwa katika boti za kivita na magari moshi, yenye nguvu za farasi 2,400. Iliweza kusukuma kama lita 33,000 kwa dakika, karibu sawa na kituo kimoja cha San Francisco, nayo ilifuatwa na magari mengine yenye mipira minene na mzinga wa kurushia maji. Ilivuta maji katika mabomba kadhaa ya njiani kwa pamoja, au mtoni, au baharini. Kwa moto mkubwa ilikuwa na msaada usio kifani. Lakini ilikuwa moja tu, nayo ilikaa Brooklyn, na New York ni mji mpana uliokatwa na maji na madaraja. Moto hauingoji gari la mbali. Tena mashine ya peke yake duniani ni ghali kutengenezwa inapoharibika, na siku iliyo karakana mji hauna nyingine. Mwaka 1982 iliondolewa kazini. Mahali pake pakawekwa pampu za nguvu ndogo zaidi, za lita kama 7,500 kwa dakika, katika vituo mbalimbali vya mji, kila moja pamoja na gari lake la mipira minene. Magari ya mipira yalibaki kuwa na maana hata baada ya ile mashine kubwa kuondoka.

San Francisco nao ulipata kujaribiwa tena. Tarehe 17 Oktoba 1989 nchi ilitetemeka kwa nguvu ya 6.9, saa 11 na dakika 4. Safari hii ilikuwa jioni. Upande wa kusini wa barabara ya Market, penye ardhi laini, yale mabomba ya zimamoto yenyewe yalivunjika, na tangi la Jones likamwagika lote kwa muda mfupi. Wasimamizi hawakuziwasha pampu za pwani mara moja, maana kusukuma maji katika bomba lisilojulikana limevunjika wapi ni kuyamwaga barabarani. Basi kwa saa kadhaa mpango ule uliosifiwa haukutoa maji katika sehemu za chini za mji.

Moto mbaya kuliko yote siku ile ulizuka katika mtaa wa Marina, ulio ukingoni mwa ghuba upande wa kaskazini. Sehemu kubwa ya mtaa huo ilikuwa maji iliyofukiwa kabla ya maonyesho makuu ya mwaka 1915. Jengo la orofa nne penye njia panda ya barabara za Beach na Divisadero lilianguka, likashika moto, na majengo ya jirani yakaanza kuungua. Wazimaji walifungua mabomba ya njiani. Yalikuwa makavu, kama mwaka 1906. Wakaenda kuvuta maji katika ziwa dogo la bustani lililo karibu. Hayo yaliwafaa, lakini hayakutosha kwa moto wa namna ile.

Wakati huo mji ulikuwa umebaki na meli moja tu ya zimamoto yenye kufanya kazi, nayo ni Phoenix, iliyoundwa katika miaka ya 1950. Ikaamriwa iondoke gatini kwake upande wa mashariki na kuizunguka pwani mpaka bandari ndogo ya Marina. Pamoja nayo yakaja magari ya mipira, ambayo kikosi kilikuwa kimeyatengeneza miaka michache tu kabla ya hapo. Kila moja lilichukua kama mita 1,500 za mpira wa kipenyo cha sentimita 13, pamoja na vichwa vya bomba vya kuwekwa chini mahali popote, hata mpira ule ukawa kama bomba la mji lililolazwa juu ya barabara. Raia wakasaidia kuinyosha mipira, wengine wakiwa na nguo zao za kazini. Phoenix ikaanza kusukuma. Maji ya ghuba yalifika penye moto kwa mara ya kwanza kwa wingi uliotakiwa, na usiku ule moto ukazuiwa usivuke. Meli iliendelea kusukuma kwa zaidi ya saa 15, kwa sababu mtaa haukuwa na maji mengine. Ni haki pia kusema kwamba upepo ulikuwa umetulia jioni ile, jambo lisilo la kawaida katika mji ule.

Mwaka uliofuata mji ulinunua meli ya pili, Guardian, na mwaka 2016 ukapata mpya kabisa, St. Francis, iwezayo kusukuma kama lita 68,000 kwa dakika. Lakini meli haipandi kilima. Mabomba ya mwaka 1913 yalilazwa mahali palipokuwa na watu wakati ule, yaani upande wa mashariki. Upande wa magharibi ulikuwa mchanga mtupu. Leo mchanga huo umejaa nyumba za mbao zilizobanana, kutoka barabara moja hata nyingine, mpaka karibu na mawimbi ya Pasifiki. Mwaka 2019 baraza la raia wanaochunguza kazi za serikali ya mji liliandika taarifa likitaka mabomba yale yapelekwe huko bila kukawia, na mwaka 2020 wapiga kura wakakubali mkopo mwingine ambao sehemu yake ni ya maji ya kuzimia moto. Wahandisi wakabaki wakijadiliana maji ya upande huo yatoke wapi, katika bahari au katika maziwa, na pampu isimamishwe juu ya ardhi gani.